Nyumba ya Ng'ombe wa Adhiambo

Rahabu Abonyo hajawahi kukanyaga Chicago, lakini muulize habari za mitaa yake ya zamani uone. Atakwambia kusini mwa jiji lile kuna mtaa unaitwa Pullman, nyumba zake za matofali mekundu zimeshikana ubavu kwa ubavu, na zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha mabehewa ya treni kabla hata babu yake Rahabu hajazaliwa. Atakwambia katikati ya jiji kuna mnara wa maji uliojengwa kwa mawe, ambao moto mkubwa ulipouteketeza mji uliuacha umesimama, na mpaka leo maghorofa yameuzunguka na hakuna mwenye ubavu wa kuugusa. Haya yote anayajua akiwa Nkende, hapa Tarime mjini, amekaa kwenye kigoda anachambua dagaa. Mwanawe Ogweno ndiye aliyemjaza habari hizo, na huyohuyo Ogweno ndiye aliyekuja kumtia wazimu.

Kazi ya Ogweno kule ni kutibu kuta. Ndivyo alivyomweleza mama yake siku za mwanzo, na mama akacheka, akamuuliza kama kuta za Marekani huugua malaria. Ogweno akampigia simu ya video, akamwonyesha. Anakwangua udongo uliochoka katikati ya matofali, polepole, kwa kipatasi, halafu anajaza mpya wa chokaa. Saruji hawatumii. Saruji ni ngumu mno kwa tofali la zamani, italipasua. Lazima rangi ya udongo mpya ilingane na ya ule wa kale, na tofali likifa, wanatafuta jingine la umri uleule kutoka jengo lililoanguka kwingine.

"Yawa! Kwa ukuta tu?"

"Kwa ukuta tu, mama. Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kubadili hata dirisha la mbele mpaka jiji limkubalie."

Rahabu alizipenda simu zile. Zilikuja alasiri, wakati kwa Ogweno ni asubuhi anaingia kazini, na yule kijana alikuwa akitembea na simu mkononi akimwonyesha mama yake mabaraza, ngazi za mbao, vibao vya shaba vya kueleza nani alikaa wapi. Siku moja akamsimulia kwamba miaka ya sitini wakubwa walitaka kuufagia mtaa wote wa Pullman wajenge viwanda. Wakazi wakaungana, wakakataa.

"Walikataa wakaachwa?"

"Wakaachwa. Sasa hivi ni hifadhi ya taifa, mama. Kama hiyo Serengeti yenu, ila badala ya nyumbu kuna nyumba."

Rahabu alicheka mpaka dagaa wakamwagika. Jumapili akawasimulia wanawake wenzake kanisani, na wao wakacheka, na mmoja akauliza kama hizo nyumba nazo huvuka mto. Kwa mwaka mzima hivi Rahabu alikuwa na raha ya mtu ambaye mtoto wake ana kazi ya heshima. Mtoto anayetunza vitu vya watu! Wengine wana watoto nje hawajui hata wanafanya nini.

Sasa sikiliza kioja.

Alasiri moja Ogweno akapiga, uso umejaa tabasamu. "Mama, shikamoo. Nina habari njema. Fundi anakuja Jumatatu."

"Marahaba, baba. Fundi wa nini?"

"Nakujengea. Vigae juu, vigae chini, madirisha ya alumini, choo ndani, geti la kuvuta kwa pembeni. Hutatoka tena na mwavuli kwenda chooni."

"Mungu akubariki. Utaijenga upande gani? Kule kwenye migomba?"

"Hapohapo, mama. Ile ya zamani tunaiangusha."

Rahabu akadhani mtandao umekatakata. Akaisogeza simu sikioni, akakumbuka ni ya video, akairudisha usoni. "Ile ipi?"

"Si hiyo uliyokaa! Mama, watu wananisema. Baba mdogo Tomaso ananisema. Kila mwenzangu wa huku, mama yake anakaa kwenye nyumba ya maana. Mimi mama yangu anakaa kwenye tofali na udongo, na madirisha ya mbao."

"Na hao watu wako wa Pullman, madirisha yao ni ya nini?"

"Ya mbao, lakini..."

"Wakitaka kuyang'oa?"

"Hawaruhusiwi. Mama, zile ni tofauti. Zile ni historia."

"Na mimi ni nini?"

Ogweno akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyomcheka mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi haudondoki, na kicheko hicho ndicho Rahabu hakukisamehe. Angegomba, wangegombana yakaisha. Lakini kumcheka! Mtoto aliyetoka tumboni mwake, ambaye yeye ndiye alimfundisha kujifuta kamasi, anamcheka kwa sababu ameifananisha nyumba ya baba yake na zile! Rahabu akaizima simu kabisa, si kuikata tu, akaifunga ndani ya kanga, akaitia sandukuni chini ya kitanda. Akaapa hataongea na Ogweno mpaka Ogweno azungumze naye kama mtoto na mama yake, si kama mkubwa wa jiji na mpangaji.

Maana nyumba ile si nyumba ya kuangushwa kwa simu. Hebu nikueleze ilivyopatikana.

Mume wake, Oduol, alikuwa fundi baiskeli pale sokoni. Maskini wa Mungu, lakini mtu wa fikra zake. Binti yao wa kwanza, Adhiambo, alipochumbiwa na watu wa upande wa Migori, mahari ikaja kwa miguu, ng'ombe wamevuka mpaka pale Sirari wanaswagwa na vijana wanaimba. Ng'ombe wazuri, mmoja ana nundu mpaka watu wakatoka majumbani kumtazama. Mila inajulikana: ng'ombe wa dada ni wa kuolea kaka. Wakae bomani wazae, Ogweno akikua wamtolee mahari. Tomaso, mdogo wake Oduol, alishaanza hata kuchagua wa kuchungia kwake.

Oduol akawapeleka mnadani. Akawauza. Akanunua bati, mbao, misumari, akafyatua matofali kwa mikono yake kule bondeni, akayachoma, na akamwambia mkewe, aliyekuwa amezoea kuhamisha sufuria kila mvua inaponyesha ndani ya kibanda cha nyasi, kwamba Adhiambo ameondoka lakini atawafunika. Lo, walivyomcheka! Ukoo mzima ukamcheka. "Oduol ameezeka ng'ombe!" Wakipita njiani wanainama kusikiliza kama bati linatoa sauti ya ndama. Tomaso alinuna asije kuitembelea nyumba ile mpaka ilipozeeka. Ogweno akakulia humo, akasomea humo, kwenye meza iliyo chini ya dirisha la mbao, na mahari yake mwenyewe alipooa ilipatikana kwa jasho lake. Kwa hiyo Rahabu anapoitazama ile nyumba hatazami tofali. Ni mahari ya Adhiambo, imesimama.

Jumatatu fundi akaja. Jina lake Masanja, Msukuma wa upande wa Bariadi, aliyefuata dhahabu miaka ile kama wenzake wengi, mashimo yakamtafuna nguvu yakamtema bila kitu, akarudia mwiko na timazi. Mtu mpole, mwenye adabu. Alivua kofia kabla ya kuingia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniua?"

Masanja akacheka kwa wasiwasi. Nyuma yake gari lilikuwa linamwaga mchanga palepale kwenye bustani ya mchicha. "Nimetumwa na kijana wako, mama. Anasema simu yako haipatikani."

"Haipatikani kwa sababu mimi sipatikani."

"Basi ongea naye kwenye yangu."

"Mimi siongei na mwanangu kwa simu ya fundi. Wewe ongea naye. Umpe maneno yangu." Rahabu akayachagua kwanza. Kwa Kijaluo alikuwa na neno ambalo Ogweno asingelikwepa hata angejificha chini ya mnara wao wa maji. Lakini Masanja Kijaluo hakijui, atalivuruga. Akaona atumie Kiswahili, lugha ya watu wote, pasiwe na makosa. "Mwambie hivi: mama amesema, hii nyumba ni mahari, basi. Usipunguze, usiongeze. Yeye anajua."

"Hayo tu?"

"Hayo yanatosha kumkalisha chini."

Masanja akaenda barabarani kutafuta mtandao. Rahabu akamwona kwa mbali, simu sikioni, anatikisa kichwa, anainua mkono, anatikisa tena. Aliporudi alikuwa na uso mweupe wa furaha.

"Nimemwambia, mama, neno kwa neno. Amekushukuru sana. Amesema sasa roho yake imetulia, mmeelewana."

"Si nilikwambia!" Rahabu akajishika kiuno. Ndivyo watoto walivyo, wanataka kukumbushwa tu. Alimpikia fundi chai ya maziwa, akampa na viazi vitamu, na Masanja akala kwa shukrani, akaaga. Mchanga ukabaki kwenye mchicha. Rahabu akasema utafaa kujengea banda la kuku.

Akiwa na moyo mwepesi namna hiyo, akafunga safari kwenda Migori kwa Adhiambo, ambaye mjukuu wake alikuwa anabatizwa. Alikaa huko siku chache, akala samaki, akaimba kanisani, akamsimulia binti yake jinsi alivyomnyamazisha Ogweno kwa neno moja. Adhiambo, mama mtu mzima sasa, duka lake la nguo likijulikana soko zima, alipiga makofi. "Aki mama, wewe ni noma. Huyo alikuwa anataka kuangusha ng'ombe wangu!" Wakacheka wote wawili.

Alirudi kwa bodaboda kutoka Sirari. Walipokata kona ya kuingia mtaani kwake aliona kitu ambacho akili yake ilikataa kukisoma. Aliona migomba yake, yote, tangu shina mpaka kilele, na migomba ile kutoka barabarani huwa haionekani, kwa sababu hufichwa na nyumba.

"Simama," akamwambia dereva. "Simama, simama, we mtoto, simama!"

Bati lote lilikuwa chini, limepangwa vizuri. Kenchi za paa zimelazwa pembeni. Ukuta wa mbele haupo. Sebule haipo. Kilichobaki ni chumba chake cha kulala, kimesimama peke yake nyuma, mlango wake ukitazama kifusi, na kitanda chake kimefunikwa turubai kwa heshima zote. Vijana wanne walikuwa juu ya lundo la matofali na nyundo, na Masanja akaja mbio, vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu.

"Karibu mama, shikamoo! Umewahi, nilitaka kesho nikimalize na hicho chumba..."

Uwi aliopiga Rahabu ulisikika mpaka sokoni. Watu walitoka wakidhani pana msiba, na hawakukosea sana. Alimrukia Masanja na mfuko wake wa safari, akampiga nao kifuani, begani, popote, samaki wa Migori wakatawanyika kwenye kifusi. "Nani amekuruhusu? Nani? Nilikupa chai! Nilikupa viazi vyangu, mchawi wewe, ukala!"

"Mama! Mama, si ulisema mwenyewe!"

"Nilisema nini? Sema nilisema nini!"

"Ulisema nimwambie hii nyumba ni mahali, basi!"

"Ndiyo! Ni mahari!"

"Ndiyo, mama! Mahali!"

Wakatazamana. Jirani wa Rahabu, Nyamhanga, Mkurya aliyekuwa ameshakuja na fimbo yake akidhani ni wezi, akaingilia kusuluhisha. "Si wote mnasema kitu kimoja? Mahari ni mahari." Nyamhanga naye, Mungu amsaidie, mahali na mahari kwake ni mahari zote, anasema ameketi mahari pake na ametoa mahari ya mwanawe, na hajawahi kuona tatizo.

Rahabu akashusha mfuko. Akasema polepole, "Mahari, Masanja. Ng'ombe. Ng'ombe wa kuolea. Nyumba hii ni ng'ombe wa binti yangu."

Kisukuma hakina sauti ya 'r', na aliyelelewa nacho humtoka 'li' hata akikusudia 'ri'. Kule machimboni wenzake walikuwa wakimtania Masanja kwa hilo kila siku naye anacheka nao. Sasa hakucheka. Akakaa chini juu ya tofali. "Nilimwambia, hii nyumba ni mahali, basi. Akaniuliza, 'Amesema ni mahali, basi?' Nikamwambia ndiyo, na nisiongeze neno. Akashusha pumzi. Akasema kumbe mama ameelewa kwamba ni mahali tu, endelea na kazi." Akajifuta uso kwa mkono, vumbi likawa tope. "Mama, nisamehe. Haki ya Mungu, nisamehe."

Mtu angeweza kuishia hapo akasema ni bahati mbaya, lugha imewachezea. Wengi walisema hivyo jioni ile, wakicheka pembeni kwa kuziba midomo. Rahabu hakusema hivyo. Aliingia kwenye kile chumba kilichobaki, akavuta sanduku, akafungua kanga, akaiwasha simu. Ilipoamka ikalia mfululizo kwa ujumbe wote aliokuwa amekataa kuupokea. Hakusoma hata mmoja. Akapiga video.

Ogweno akatokea amevaa kofia ngumu ya kazi, nyuma yake ukuta mwekundu. "Mama! Hatimaye! Shikamoo ma..."

Hakuitikia. Aligeuza simu. Akamtembeza. Akamwonyesha ukuta wa mbele usiokuwepo, akamwonyesha sakafu ya sebule ikiota jua, akamwonyesha lile dirisha la mbao limelazwa chali, na meza aliyosomea iko nje na kuku juu yake. Alitembea taratibu, kama Ogweno anavyotembea Pullman. Hakuacha kona.

"Hapa," akasema, "alikaa fundi baiskeli Oduol. Weka kibao cha shaba."

"Mama, fundi aliniambia wewe umesema..."

"Amekwambia mama yako amesema nyumba hii ni mahali tu. Nimekaa humu nikiwa na meno yote mpaka sasa nina ya kuhesabu. Baba yako alikata roho kwenye chumba kile. Ukaambiwa mama yako amesema ni mahali tu, na wewe ukaamini?"

"Ni matamshi, mama. Masanja..."

"Usimtaje Masanja! Masanja ulimi wake umemkosea, basi. Wewe ni masikio. Masikio yako yalikuwa yameshatega kusikia hivyo. Angekwambia mama amesema ni mahari ungesema amekosea, amemaanisha mahali. Unakataa, Ogweno? Ulipiga simu kwa dada yako kuuliza? Kwa Nyamhanga? Ukuta wa mtu usiyemjua, aliyekufa zamani, wewe unaomba ruhusa ya jiji kukwangua udongo wake. Wa baba yako uliuliza kwa nani?"

Nyuma ya Ogweno mtu mmoja alipita amebeba ndoo, akamwita kwa Kiingereza, Ogweno hakugeuka. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Nitakujengea nzuri zaidi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nitatuma..."

"Usinitumie kitu. Njoo."

Akakata.

Adhiambo alifika kesho yake bila kuaga dukani. Alishuka kwenye bodaboda akiwa tayari ana simu sikioni na anapiga kelele. "Wewe Ogweno, unanichukulia aje? Ng'ombe wangu umewafanya kifusi na haukuniuliza? Basi niwaambie watu wa kwetu nimeolewa kwa mali gani! Nimeolewa kwa mchanga?" Alipoona mchicha uliozikwa na kitanda cha mama yake chini ya turubai, akaacha kupiga kelele, akakaa kwenye kifusi akalia kama mtoto. Alitaka kumchukua mama waende Migori. Rahabu akakataa kuondoka. Alisema akitoka watasema kumbe kweli ilikuwa mahali tu.

Akakaa humo. Mvua za kwanza zikamkuta kwenye kile chumba kimoja, anapika uani chini ya bati mbili alizosimamishiwa na Masanja, ambaye alikuja kila asubuhi bila kuitwa, akainama, akaanza kuokota matofali mazima kutoka kwenye kifusi na kuyapanga pembeni. Hawakuongea sana. Baada ya wiki moja Rahabu akaanza kumpa chai tena, bila viazi.

Ogweno akaja. Alichukua likizo yake yote, na alipofika uani alipiga magoti mbele ya mama yake, mwanaume mzima, na suruali yake ya Marekani kwenye tope. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukuta uko kule."

Basi akafanya kazi. Hilo nalisema kwa haki, alifanya kazi. Ukoo ulikuja kumlaki ukitarajia geti, ukamkuta amechuchumaa na Masanja wanakwangua udongo mkavu kwenye tofali moja moja kwa ncha ya panga. Tomaso alizunguka lile lundo akasikitika, akauliza vigae viko wapi, na Adhiambo, aliyekuwa amerudi kusimamia, akamwambia aende akavitafute kwake. Ogweno hakutumia saruji. Alifuata udongo wa kichuguu uleule wa bondeni alikokuwa anachimba baba yake, akaukanyaga kwa miguu, akapanga matofali ya baba yake katika mistari ileile, akarudisha madirisha ya mbao mahali pake, akapandisha kenchi, akapigilia bati lilelile, na tundu la msumari likapata msumari. Vijana wa mtaani walikuwa wakisimama kutazama mkono wake ulivyo mwepesi. Ilipendeza, sitasema uongo.

Siku alipomaliza alimwita mama yake aje mbele. Alikuwa amekonda, mikono imechubuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa na tabasamu. "Kule tukimaliza kazi," akasema, "mtu akipita hawezi kujua wapi pa zamani na wapi papya. Tazama, mama. Hapajulikani."

Rahabu alisogea. Alipitisha kiganja kwenye ukuta, kutoka dirishani mpaka mlangoni, akarudi, akapitisha tena. Pale karibu na mlango mkono wake ukasimama, ukatafuta kitu, ukashuka, ukapanda.

"Umenyooka," akasema.

"Nimeupima kwa timazi, mama."

"Naona. Wa baba yako ulikuwa umepinda hapa. Alikuwa fundi baiskeli, ukuta alikuwa hajui. Kila nilipopita na ndoo nilijigonga kiwiko, nikamsema. Nimemsema kwa huu ukuta miaka yote tuliyokaa, na alipokufa niliendelea kumsema kila nikijigonga. Nilikuwa naongea naye hapa, Ogweno."

Tabasamu likamtoka Ogweno taratibu. Aliutazama ukuta, akautazama mwiko mkononi mwake. "Nitaubomoa hapa," akasema. "Nitaupinda. Nionyeshe tu ulivyokuwa."

"Hata ukiupinda," Rahabu akamwambia, "utakuwa umeupinda wewe."